Deni la Aliyesema «Nitakulinda»

Kuna swali moja linaloulizwa kila mahali kwetu, sokoni, ndani ya mashua za ziwa, hata chini ya mwembe baada ya Misa: ONU inafaa kitu gani? Wengine hujibu upesi: haifai kitu. Wengine, hasa wale waliosoma, hujibu upesi vilevile: bila ONU mambo yangekuwa mabaya zaidi. Mimi naona majibu haya mawili yana kosa moja. Yote mawili yanaipima ONU kwa vita: je, imezima vita au haikuzima? Lakini ugomvi wa watu wawili huzimwa na wale wawili wenyewe. Hakuna baraza duniani linaloweza kuwapatanisha watu wasiotaka kupatana, hata likikaa katika nyumba ndefu ya New York na kusema lugha sita.

Tazameni Msumbiji. Wapiganaji walitia sahihi zao Roma, tarehe 4 Oktoba 1992, kwa upatanishi wa jumuiya ya Sant'Egidio. Ndipo askari wa ONU walipofika, wakasimamia kuweka silaha chini; uchaguzi ukafanyika mwezi wa kumi 1994, nao wakarudi kwao. Kazi hiyo haikuwa nyepesi, lakini iliwezekana, maana wenye vita walikuwa wamekwisha kuchoka. Mahali ambapo hawajachoka, mgeni mwenye kofia ya bluu atafanya nini?

Basi tuache swali lile, tushike jingine lililo dogo na lililo gumu kuliko lile. Mtu anapomwambia mwenzake «nitakulinda», anajifunga na nini? Na asipolinda, amekosa nini hasa?

Tuchukue mfano wa shamba. Mahindi ya mama mjane yamekomaa, na nguruwe wa mwitu wako karibu. Kila usiku mama huyo huwaamsha wanawe, wanawasha moto, wanapiga madebe. Siku moja jirani anakuja na mkuki wake, anamwambia: «Mama, lala. Usiku huu nitalinda mimi.» Mama analala, watoto wanalala, madebe yananyamaza. Usiku wa manane jirani anaona baridi, anaondoka bila kuaga. Asubuhi mahindi hayapo. Sasa jirani anajitetea. Anasema: si mimi niliyekula mahindi. Ni kweli. Anasema tena: nguruwe walikuwa wanakula shamba lako tangu zamani, kabla sijaja. Hilo nalo ni kweli. Lakini kuna kitu kimoja alichokula yeye mwenyewe, wala si nguruwe: kukesha kwa mama. Kabla ya neno lake mama alikuwa na moto, na madebe, na watoto walio macho. Neno lake ndilo lililomlaza.

Hapa wanateolojia hutenga madeni ya namna mbili. Kuna deni la upendo: napita njiani, naona mtu amepigwa, napaswa kumsaidia ingawa sikumwahidi neno. Kuna pia deni la haki: nimeahidi, naye ameniamini, na kwa kuniamini ameacha njia nyingine ya kujiokoa. Anayekataa deni la kwanza ana moyo mgumu. Anayekataa deni la pili amechukua mali ya mwingine. Watu wengi wanaposema juu ya ONU husema kana kwamba deni lake ni la namna ya kwanza tu, kana kwamba askari wale ni wapita njia wenye huruma, na kila jema wanalotenda ni zawadi. Mimi nasema la. Penye ua wa kambi, na bendera ya bluu, na watu waliokimbilia hapo kwa sababu ya bendera ile, deni limekwisha kuwa la haki.

Kwetu Kongo jambo hili si geni. Mwaka wa 1960, mjini Léopoldville, askari wa ONU walizunguka nyumba ya Patrice Lumumba ili asikamatwe. Tarehe 27 Novemba alitoka mwenyewe usiku kwa siri, akashika njia ya Stanleyville, akakamatwa njiani. Wakubwa wa ONU waliona kwamba ulinzi wao uliishia kwenye nyumba ile. Tarehe 17 Januari 1961 alishushwa kutoka ndege Elisabethville, amefungwa na kupigwa. Askari wachache wa ONU, watu wa Sweden, walikuwepo uwanjani, wakaona. Usiku uleule akauawa, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Lakini katika mji uleule, mwaka uleule wa 1961, makumi ya maelfu ya Waluba waliokuwa wanaogopa kuuawa walikimbilia karibu na kambi ya ONU. Walikaa pale miezi mingi. Palikuwa na njaa, magonjwa na ugomvi mwingi, lakini walilindwa, na mwaka wa 1962 wakasafirishwa. Wajukuu wao wako leo. Mji mmoja, bendera moja.

Lakini mahali tunapoweza kuona jambo hili wazi kuliko pengine pote ni Kigali, mwezi wa nne 1994. Naomba msomaji avumilie, nitakaa hapo kidogo.

Askari wa ONU, walioitwa MINUAR, walikuwa Rwanda tangu mwisho wa mwaka wa 1993, karibu 2.500, kusimamia mapatano ya Arusha. Mauaji yalipoanza, tarehe 7 Aprili, askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana waliuawa, naye mama yule akauawa. Serikali ya Ubelgiji ikaamua kuwaondoa askari wake wote. Basi huko Kicukiro palikuwa na shule ya ufundi ya mapadre wa Don Bosco, na ndani yake askari wa Ubelgiji wapata 90. Watu kama 2.000 walikuwa wamekimbilia ndani ya ua wa shule, wakubwa kwa watoto. Kwa nini pale? Kwa sababu ya askari wale. Nje ya lango Interahamwe walikuwa wanangoja na mapanga, nao hawakuingia. Tarehe 11 Aprili, Wazungu wakiisha kuchukuliwa, askari wakapanda magari yao. Wakimbizi wakajaribu kuyazuia magari. Magari yakapita. Siku ileile watu wale wakaswagwa kama ng'ombe mpaka kilima cha Nyanza ya Kicukiro, wakauawa; waliopona ni wachache.

Siku kumi baadaye, tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama liliamua kwamba MINUAR ipunguzwe, wabaki 270 tu. Jemadari Roméo Dallaire wa Kanada, na msaidizi wake Henry Anyidoho wa Ghana, wakabaki na mia kadhaa, wengi wao Waghana, zaidi ya hesabu iliyoamriwa. Hawakuwa na magari ya kutosha, dawa zilikuwa haba, chakula kilikuwa haba. Lakini maelfu ya watu waliokuwa wamekimbilia uwanja wa michezo wa Amahoro waliendelea kukaa chini ya ulinzi wao mpaka mwezi wa saba. Haki inataka niseme pia kwamba jeshi la F.P.R. lilikuwa karibu na uwanja ule, na hilo lilisaidia. Hata hivyo, kama wale Waghana wangaliondoka, nani angalijua yaliyotokea usiku wa kwanza? Na kulikuwa na kapiteni mmoja Msenegali, Mbaye Diagne, asiye na bunduki mkononi, aliyezunguka mjini kwa gari lake akiwachukua watu wachache wachache na kuwapitisha kwenye vizuizi vya wauaji kwa mzaha, kwa sigara, kwa maneno matamu. Aliokoa mamia. Kombora lilimwua tarehe 31 Mei 1994.

Sasa tulinganishe. Wabelgiji wa Kicukiro walikuwa na silaha nzuri kuliko askari wote wa MINUAR. Waghana walikuwa maskini wa kila kitu. Basi tofauti haikuwa uwezo. Tofauti ilikuwa hii: upande mmoja mtu alipokea amri ya mbali, akaitii, upande mwingine mtu alitazama waliokuwa mbele yake, akahesabu deni lake kwao kuwa kubwa kuliko amri. Sisemi kwamba askari wa Kicukiro walikuwa watu wabaya. Walikuwa wamewazika rafiki zao kumi rohoni mwao. Lakini yule mama aliyeshika gari kwa mikono yake hakulala usingizi kwa mapenzi yake mwenyewe, aliambiwa alale.

Hapa atainuka mtu mwenye elimu aniambie: «Mwalimu, katika seminari mlifundishwa kanuni ya kale, kwamba hakuna anayefungwa na jambo lisilowezekana. ONU haina jeshi lake. Inaomba askari kwa serikali, inaomba fedha kwa serikali. Isipopewa, utaidai nini?» Neno hili ni zito, nami nalipokea. Kanuni ni ya kweli. Lakini tulifundishwa na nyingine inayokaa pamoja nayo: jambo linaweza kutakwa katika chanzo chake. Dereva wa kamyo aliyekunywa lutuku tangu asubuhi, akifika mteremkoni na kushindwa kugeuza usukani, hawezi kusema «haikuwezekana». Kweli, saa ile haikuwezekana. Ilikuwa inawezekana asubuhi.

Tazameni karatasi zenyewe. Tarehe 24 Februari 2000 Baraza la Usalama liliruhusu askari wa MONUC, hapa Kongo, kuwalinda raia walio karibu kudhuriwa. Ni neno jema. Lakini liliandikwa na mikia miwili: mahali askari walipo, na kadiri MONUC yenyewe itakavyoona kuwa inaweza. Na askari walioruhusiwa walikuwa 5.537, kwa nchi yenye kilometa za mraba zaidi ya milioni mbili na laki tatu. Ndugu, ni nani asiyejua hesabu hii? Waliopiga kura walijua. Basi wanapokuja kusema baadaye «uwezo ulikosekana», tunapaswa kuwauliza: nani aliupima uwezo ule, na lini? Asubuhi walikuwa mezani, na kalamu mkononi.

Ndivyo lilivyofanya pia Shirika la Mataifa la Geneva, kabla ya ONU kuzaliwa. Mataifa yalikuwa yameandikiana kwamba anayemshambulia mmoja amewashambulia wote. Tarehe 3 Oktoba 1935 Italia ikaivamia Ethiopia. Mataifa yakakataa kuiuzia Italia vitu vingi, lakini si mafuta, na mfereji wa Suez ukabaki wazi kwa meli zake. Haile Selassie akaenda mwenyewe Geneva, tarehe 30 Juni 1936, akasimama mbele yao. Mwezi uliofuata wakaondoa hata vile vizuizi vidogo. Hakuna aliyesema kwamba kuziba njia ya mafuta hakuwezekani. Kungeleta hasara, na walichagua kutopata hasara.

Kwa hiyo deni hili lina wenyewe. Mkubwa wa kambi ana sehemu yake, maana ana macho na dhamiri. Katibu Mkuu na watu wa ofisi yake wana sehemu yao. Mwaka wa 2000 tume iliyoongozwa na Lakhdar Brahimi wa Algeria iliwaonya waziwazi kwamba wanapaswa kuliambia Baraza lile linalopaswa kulijua, si lile linalopenda kulisikia. Lakini sehemu iliyo kubwa ni ya serikali zinazopiga kura, na zaidi zile tano ambazo kila moja ikisema «hapana» neno linakufa. Papa Yohane XXIII, katika barua yake ya mwaka wa 1963 juu ya amani, alitamani dunia iwe na mamlaka ya kuangalia mema ya watu wote, akaitakia ONU ikue iweze kazi hiyo. Wakubwa watano wanapenda mamlaka hiyo iwepo siku inapowafaa. Siku nyingine wanaipenda iwe kama jirani yule na mkuki wake.

Je, basi tuwafukuze? Vijana wengi walisema hivyo mwezi wa saba 2022, Goma, Butembo na Uvira, wakavamia kambi za MONUSCO. Zaidi ya watu 30 walikufa, raia na askari. Uchungu wao naufahamu. Mwezi wa kumi na moja 2008, Kiwanja, watu wapata 150 waliuawa, na kambi ya ONU haikuwa hata kilometa moja kutoka hapo. Tarehe 20 Novemba 2012 M23 waliingia Goma, askari wa ONU wakitazama. Lakini tazama pia yaliyofuata. Mwezi wa tatu 2013 Baraza lilitoa brigedi mpya yenye ruhusa ya kupigana, watu wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kabla mwaka haujaisha, wakipigana pamoja na jeshi letu, M23 walishindwa. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki, Watanzania 15 waliuawa katika kambi yao usiku. Wale hawakuondoka kwa sababu ya baridi. Asemaye «ONU haifai kitu» awatoe kwanza hao katika hesabu yake, tena awatoe wakimbizi wa Roe, katika Djugu, makumi ya maelfu waliojenga vibanda vyao karibu na kambi ya kofia za bluu kwa sababu walikotoka walikuwa wanachinjwa.

Wala tusijifiche nyuma ya makosa ya wageni. Mwenye shamba ana wana. Kumlinda raia ni kazi ya Leta yake kwanza, na hilo limeandikwa katika maazimio ya ONU juu yetu, ingawa sisi hatulisomi kwa sauti. Goma ilipoanguka tena mwezi wa kwanza 2025, mamia ya askari wetu, bila silaha, waliingia kujihifadhi ndani ya kambi za MONUSCO, wakakaa humo mpaka Msalaba Mwekundu ulipoanza kuwasindikiza kwenda Kinshasa mwisho wa mwezi wa nne. Aliyepaswa kulinda alitafuta naye ua wa kujificha. Siwacheki, mtu akitaka kufa hachaguliwi ua. Lakini nchi inayokodi mlinzi miaka zaidi ya ishirini na tano, na katika miaka hiyo haikufundisha na kulipa vizuri walinzi wake wenyewe, ina deni lake mbali na la ONU. Nalo ni deni la haki pia, maana raia hulipa kodi.

Sasa imebaki sehemu ya deni ambayo haiombi askari hata mmoja zaidi wala faranga moja. Ni kusema kweli. Kwa ombi la serikali yetu, MONUSCO iliondoka Kivu ya Kusini. Kamanyola ilikuwa kambi ya kwanza kukabidhiwa, mwezi wa pili 2024, na tarehe 30 Juni 2024 kazi ikaisha katika jimbo lote. Miezi saba u nusu baadaye M23 waliingia Bukavu. Sitasema kwamba wangalikuwepo Bukavu isingalianguka. Goma walikuwepo, nayo ilianguka. Kuondoka si kosa. Jirani wa shamba lile naye alikuwa na haki ya kwenda kulala kwake. Kosa lake lilikuwa kuondoka bila kumwamsha mama.

Kwa hiyo mkubwa wa kambi anayejua kwamba kambi itafungwa, au kwamba amekatazwa kupiga bunduki wauaji wakifika, amekwisha kuwa mdeni wa neno. Watu walio kwenye ua wake wanapaswa kujua wamebakiwa na siku ngapi, njia ipi bado iko wazi, nani atashika ulinzi baada yake, na mlinzi huyo mpya ana watu wangapi. Awaite wazee wa kambi, machifu, na akina mama, maana ndio wanaofunga mizigo. Awaambie mchana, wakiwa bado na nguvu za kutembea, tena kwa Kiswahili au kwa Kilendu au kwa lugha yoyote wanayoisikia, si kwa karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa langoni.